Kabla ya kusema mtoto ameshindikana, tuhesabu nyumba alizolala

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo katika jiji letu la Dar es Salaam huzungumzwa kwa hasira kila vijana wanapofanya fujo, kisha husahaulika mpaka fujo nyingine itokee. Hofu ya panya road, yale makundi ya vijana waporaji, ilipotanda Januari 2015, watu wakafunga maduka na kukimbizana barabarani jioni, na iliporudi tena mwaka 2022, maoni yaliyotolewa vijiweni, kwenye daladala na hata katika kurasa za wasomaji yalikuwa yale yale: wazazi wamelegea, viboko vimepungua, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nimefundisha shule za msingi wilayani Temeke kwa miaka 31 mpaka nilipostaafu, na methali hiyo nimeitumia mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Leo naiona ina pengo. Haisemi afanyiwe nini mtoto ambaye mamaye hayupo, wala yule ambaye aliyepaswa kumfunza ndiye aliyemuumiza.

Ninachotaka kusema ni kwamba wengi wa watoto tunaowaita watukutu, sugu au walioshindikana wamepitia mikono mizito na nyumba nyingi, na kila tunapowahamisha tena kwa sababu ya utukutu huo tunawaongezea kile kile kilichowaharibu. Sisemi kwamba umaskini hauhusiki, wala kwamba makundi ya wahalifu hayawavuti vijana wenye baba na mama nyumbani, yanawavuta. Ila katika miaka yangu ya kazi, mwanafunzi aliyenisumbua kuliko wenzake karibu kila mara alikuwa yule ambaye jina la mlezi wake katika daftari la mahudhurio lilikuwa limekatwa na kuandikwa upya: kwanza la mama, kisha la baba mkubwa, kisha la mtu ambaye uhusiano wake na mtoto ulielezwa kwa neno moja tu, "ndugu". Mimi niliona uchafu wa daftari. Niliwahi hata kumgombeza mwalimu mwenzangu kwa kukatakata majina.

Aliyenifumbua macho ni mtoto wa marehemu dada yangu, niliyempokea mwaka 2010 akiwa na miaka 11. Mama yake alipofariki alikaa kwa bibi yake Kisarawe. Bibi alipougua akapelekwa kwa baba yake mkubwa Mbagala. Kutoka hapo akaenda kwa shangazi yake Vingunguti, akatoroka, akaokotwa stendi ya Ubungo na kuwekwa katika makao ya watoto kwa miezi kadhaa, ndipo mimi nikapigiwa simu. Alikuja na ule mfuko wa mistari tunaouita shangazi kaja, na sijui aliyeupa jina hilo alikuwa na furaha ya shangazi gani moyoni, maana mkono wa kushoto wa mtoto yule una alama ya kijiko cha moto aliyoipata huko huko kwa shangazi. Mfuko huo hakuwahi kuufungua wote. Kwa muda wa miezi saba hivi alikuwa akitoa shati moja, analifua, analianika, analirudisha ndani na kufunga zipu, ilhali nilikuwa nimemwachia rafu nzima ya kabati.

Siku moja niligeuza godoro lake nilianike, nikakuta pembe za mkate zilizokauka kama kuni, vipande vya mihogo ya kukaanga, na nusu ya chapati iliyofungwa kwa karatasi ya daftari la hisabati, sisimizi wamejipanga. Nilikasirika. Nyumbani kwangu hakuna aliyewahi kulala njaa, na niliona kama nimetukanwa. Nikamwita. Kabla sijatamka neno alilala kifudifudi sakafuni, mikono ameinyoosha mbele, akasubiri. Hakulia, hakujitetea, hakuuliza kosa lake ni lipi. Siwezi kuficha, Mhariri, kwamba nimechapa watoto wengi. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, tena vikitolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye, lakini sisi tuliokuwa madarasani tunajua hesabu hiyo ilikuwa ikiishia wapi. Wale niliowachapa walilala chini kwa amri yangu. Huyu alilala bila kuamriwa, ndani ya nyumba, mbele ya mama yake mdogo, kwa ajili ya chapati.

Siku nyingine aliiba shilingi 20,000 za mchezo wetu wa kina mama wa kuchangiana fedha kwa zamu, ambazo nilitakiwa kuzipeleka Jumamosi. Zote aliwanunulia vijana wa kijiweni chipsi na soda. Ndugu walikutana, kama ilivyo kawaida yetu, na kaka yangu mkubwa akatoa uamuzi: "Huyu arudishwe kwao." Nikamuuliza, kwao wapi? Kila mmoja alinyamaza. Mmoja alianza kutaja Kisarawe, akakumbuka kwamba tulishamzika bibi, akaacha.

Afisa ustawi wa jamii mmoja, mama mtu mzima ambaye alikuwa akihudumia kata zaidi ya moja na ambaye alikuja kwangu akiwa na vumbi mpaka magotini, ndiye aliyenipa ushauri ambao sijausahau. Aliniambia niketi na mtoto, nimpe daftari, aandike nyumba zote alizolala tangu mama yake afariki, na nisimsahihishe. Ilichukua jioni mbili. Aliandika nne, kila moja na mstari wake, alipofika kwangu akasimama na kuuliza, "Mama mdogo, hii niandike kwa penseli au kwa kalamu?" Nilimwambia aandike kwa kalamu. Pesa ya mchezo nililipa mwenyewe.

Baada ya kustaafu nimepata muda wa kusoma, na nimegundua kwamba jambo nililoliona chumbani kwangu limechunguzwa na wataalamu kwa miaka mingi. Mtafiti Cathy Spatz Widom wa Marekani aliwafuatilia watoto 908 ambao mahakama zilithibitisha kati ya mwaka 1967 na 1971 kwamba walipigwa, walidhalilishwa au walitelekezwa, akawalinganisha na wengine 667 waliofanana nao kwa umri, jinsia na hali ya maisha lakini wasio na historia hiyo. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1989, asilimia 26 ya waliotendewa ukatili walikuwa wamekamatwa na polisi kwa makosa ya utotoni, wakati kwa wale wengine ilikuwa asilimia 17. Lililonishtua zaidi ni kwamba kutelekezwa peke yake, bila kupigwa, kulikuwa na uzito unaokaribia ule wa kipigo: waliokamatwa kwa makosa ya kutumia nguvu walikuwa karibu asilimia 16 miongoni mwa waliopigwa, zaidi ya asilimia 12 miongoni mwa waliotelekezwa, na asilimia 8 hivi miongoni mwa wasiotendewa lolote. Sisi huku tunamwona mtoto asiyepigwa na mtu kuwa ana bahati, hata kama hakuna anayeuliza amekula au amelala wapi.

Widom huyo huyo aliendelea kuwaangalia waliotolewa makwao na kuwekwa kwa walezi au katika makao. Wale waliohamishwa mara tatu au zaidi walikuwa na kiwango cha kukamatwa kinachokaribia mara mbili ya wale waliohamishwa mara chache, na hii ilikuwa hivyo kwa makosa ya utotoni, ya ukubwani na ya kutumia nguvu. Mwenye haki atauliza: je, waliharibika kwa kuhamishwa, au walihamishwa kwa kuwa walishaharibika? Naamini yote mawili yanakwenda pamoja, na hapo ndipo lilipo tatizo lenyewe. Mtoto aliyeumizwa huja na tabia ya kuumizwa. Mlezi huchoka na tabia hiyo, humpeleka kwa mwingine. Safari hiyo humthibitishia mtoto kwamba hakuna nyumba inayodumu, kwa hiyo katika nyumba inayofuata huanza mapema zaidi, na kwa nguvu zaidi, kupima lini atafukuzwa. Wizi wa zile shilingi 20,000, nikiutazama sasa, ulikuwa kipimo cha namna hiyo.

Wapo watakaosoma takwimu hizo wakasema basi mtoto wa namna hii ni mhalifu mtarajiwa, akae mbali na watoto wao. Nawaomba wazisome tena. Asilimia 26 waliokamatwa maana yake ni kwamba asilimia 74 hawakukamatwa utotoni. Walio wengi wanabeba maumivu yao kimya kimya, wanaenda shule, wanaoa na kuolewa, na hatuwajui. Kinachotakiwa kutushughulisha ni nini kiliwashika hawa walio wengi, na jibu linalojirudia katika tafiti ni mtu mzima mmoja asiyeondoka.

Ushahidi mwingine unatoka Romania, nchi iliyokuwa na maelfu ya watoto katika vituo vikubwa vya serikali. Kuanzia mwaka 2000, watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwachukua watoto wadogo 136 kutoka vituo vya Bucharest, na kwa bahati nasibu nusu wakapelekwa kwenye familia za malezi zilizoandaliwa na kulipwa, nusu wakabaki chini ya malezi ya kawaida yaliyokuwapo. Waliokwenda kwenye familia walikuwa na maendeleo bora ya akili na walijifunza kumpenda na kumtegemea mlezi, hasa wale waliotoka vituoni kabla ya kutimiza miaka miwili. Lakini pia kuna onyo: mchumi Joseph Doyle, aliyechunguza watoto wa jimbo la Illinois, Marekani, na kuchapisha matokeo mwaka 2007, aligundua kwamba katika zile kesi ambazo maafisa wenyewe walitofautiana kama mtoto aondolewe au abaki, waliobaki kwao walielekea kuishia vizuri zaidi kuliko walioondolewa, hata katika kufanya makosa ya utotoni. Kumwondoa mtoto ni dawa kali. Kuna mgonjwa anayeihitaji ili asife, na kuna mgonjwa ambaye ingemtosha kutembelewa na muuguzi.

Nyumbani kwetu hatuwezi kusema haya ni mambo ya Wazungu. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009, kwa ushirikiano wa Serikali, UNICEF na Chuo Kikuu cha Muhimbili, ulionesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi na mvulana mmoja kati ya saba walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walipigwa ngumi, mateke, viboko au kutishiwa silaha na mtu mzima au mpenzi wao. Robo tatu! Ukiingia darasa la watoto 80, kama yale niliyofundisha, waliosalimika ni 20.

Sheria tunayo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza adhabu isiyolingana na umri na hali ya mwili na akili ya mtoto, na inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Kanuni za mwaka 2012 zinaeleza jinsi ya kumweka mtoto kwa familia isiyo yake, utaratibu ambao Serikali inauita malezi ya kambo. Nakiri kwamba jina hilo linanikera kidogo, kwa kuwa katika hadithi zote tulizosimuliwa na bibi zetu mama wa kambo ndiye anayemficha mtoto wa watu jikoni na kumnyima nyama, na sijui tunatarajia nani ajitokeze kwa hiari kuitwa hivyo. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka 2009, nayo inasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na familia yake, na kwamba kumhamishahamisha mtoto kunamdhuru na kuepukwe.

Hata hivyo watoto wengi wa Dar es Salaam wanaolelewa na wasiowazaa hawajapita katika ofisi yoyote. Wamepelekwa kwa basi. Ndugu amepiga simu, nauli imetumwa, mtoto kashushwa na mfuko wake, na kuanzia hapo hakuna karatasi inayosema alitoka wapi, kwa nini aliondoka huko, nani alimpiga na nani alimpenda. Mpango huu wa kulea wa ndugu ndio ulioniwezesha hata mimi kusoma, nililelewa na mjomba wangu Keko, na sitaki mtu aniambie kwamba ni wa kishamba. Nguvu yake ilikuwa kwamba mjomba, bibi na majirani walijuana, na ukinipiga isivyo haki Keko habari zilifika Kisarawe kabla ya Ijumaa. Siku hizi mtoto anatoka mkoani na kuingia chumba cha kupanga ambacho jirani wa ukuta wa pili hajui jina la mwenye chumba. Udugu umebaki, macho yaliyokuwa yakiulinda hayapo.

Ajabu ni kwamba kuna mahali pamoja ambapo sheria inalazimisha maswali haya kuulizwa. Mtoto anapofikishwa Mahakama ya Watoto, kama ile ya Kisutu, afisa ustawi wa jamii huandaa taarifa ya uchunguzi wa kijamii inayoeleza familia yake, malezi yake na mazingira aliyokulia, na mahakama huizingatia. Kwa maneno mengine, tunataka kujua nyumba alizolala pale tu anapokuwa amekwishashtakiwa, pengine akiwa amelala nyumba ya saba, nayo ni mahabusu ya watoto Upanga. Taarifa hiyo hiyo ingeandikwa akiwa darasa la tatu, siku jina la mlezi lilipokatwa kwa mara ya kwanza, ingegharimu karatasi moja na saa moja ya mtu.

Kwa hiyo ombi langu kwa halmashauri za jiji hili ni dogo na nimelifikiria kama mwalimu. Shule inapobadilisha jina la mlezi katika daftari, mwalimu wa darasa aandike sababu na tarehe, na badiliko la pili ndani ya miaka miwili lifike kwa afisa ustawi wa jamii wa eneo bila kungoja mtoto afanye kosa. Ndugu anayempokea mtoto aandikishe kwa mtendaji wa mtaa, kama tunavyoandikisha mgeni, na barua iliyotoka alikotoka ifuatane naye kama kadi ya kliniki. Mlezi huyo atembelewe walau mara mbili katika miezi sita ya kwanza, maana ndiyo miezi ya kuibiwa pesa za mchezo, na ndiyo miezi ambayo kikao cha ndugu huamua arudishwe kwao. Najua maafisa ni wachache. Yule aliyekuja kwangu na vumbi magotini hakuwahi kurudi mara ya pili, na simlaumu. Lakini ajira zao ni jambo la kupangiwa bajeti, na tusiseme halina fedha wakati kila msako wa vijana una magari na mafuta.

Na kwa walezi wenzangu, hasa kina mama wadogo na mashangazi, ambao jina letu limeharibiwa na wachache: mtoto akikuogopesha, au ukijiona mkono wako unaanza kuwa mzito, piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure, wapo watu wa kukusikiliza wewe pia. Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi si la kushtaki tu.

Siandiki haya kuwatetea walioshika mapanga. Jirani yangu aliporwa simu na kukatwa bega mwaka 2022, na sina ujasiri wa kumwendea kumwambia awaonee huruma. Wala siandiki kujisifu kwa niliyemlea. Alinitoroka mara tatu. Mwaka 2015 alizolewa kijiweni na wenzake katika msako akalala kituoni siku mbili kwa kosa ambalo hakuna aliyewahi kunieleza. Mtihani wa kidato cha nne alianguka. Sasa ni mtu mzima, anachomelea mageti na madirisha, kazi yake nzuri na watu wanamfuata. Ila hamalizi mwaka katika nyumba moja. Hulipa kodi ya miezi sita, mwezi wa nne anafungasha na kuhama, kabla mwenye nyumba hajafikiria kumwambia neno, na miezi miwili ile inaliwa bure. Nimemuuliza mara kadhaa kwa nini anatupa fedha yake hivyo. Hucheka, akaniambia nyumba ilikuwa na joto.

Ni mimi msomaji wako,
Mwalimu mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam